Mizani ya Pamba na Mizani ya Mungu

Jumapili moja, baada ya ibada ya pili, binti mmoja wa darasa la vijana alinisubiri chini ya mwembe ulio nje ya kanisa letu hapa Mwanza. Mkononi alikuwa na kitabu cha Kiingereza kilichochakaa, kurasa za mwanzo zimeanza kuchomoka. "Shikamoo babu," alisema. "Nimemaliza kukisoma, ila kuna jambo linanisumbua."

Kitabu kilikuwa To Kill a Mockingbird cha Harper Lee, mwanamke wa Alabama, Marekani. Nilikuwa nimekisoma miaka mingi nyuma nikiwa mwalimu kijana. Nikamwuliza linalomsumbua ni nini.

"Humu ndani wote wanasali, babu. Wanaoonea wanasali, na wanaoonewa wanasali. Sasa sisi kanisa letu, tungekuwepo siku ile mahakamani, tungekaa wapi? Chini au juu?"

Nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, na ni mzee wa kanisa tangu nywele zikiwa nyeusi. Siku hiyo sikumjibu. Nilimwambia, "Mjukuu wangu, nipe muda." Haya ninayoyaandika hapa ndiyo jibu langu kwake, na kwa yeyote kati yetu ambaye hajawahi kujiuliza swali hilo.

Kisa cha Maycomb

Kwa wasiokijua kitabu, nieleze kwa ufupi. Kilichapishwa mwaka 1960, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo ya Pulitzer. Kisa kimewekwa katika miaka ya 1930, katika mji wa kubuni uitwao Maycomb, kusini mwa Marekani, nchi ya pamba. Watu weusi wa huko ni wajukuu wa watumwa waliolima mashamba hayo hayo. Msimulizi ni mtoto wa kike, Scout, ambaye hadithi inapoanza ana miaka sita hivi, na inapokwisha hajafika tisa. Baba yake, Atticus Finch, ni mwanasheria.

Mtu mweusi aitwaye Tom Robinson anashitakiwa kwamba amembaka binti wa Kizungu. Atticus anapewa kazi ya kumtetea, naye anaifanya kwa moyo wote, jambo ambalo mji haukulitarajia. Mahakamani anaonyesha wazi kwamba binti yule alipigwa upande wa kulia wa uso, na mtu atumiaye mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa Tom haufanyi kazi: akiwa mtoto ulinaswa na mashine ya kuchambua pamba, ukakauka. Anayetumia mkono wa kushoto ni baba wa binti huyo. Ushahidi unaonekana hata kwa mtoto. Lakini wazee wa baraza, wote Wazungu, wanarudi na neno moja: ana hatia. Baadaye Tom anapigwa risasi akijaribu kutoroka gerezani.

Katika mahakama ile Wazungu waliketi chini, na watu weusi juu, kwenye roshani. Watoto wa Atticus walikosa nafasi chini, wakapandishwa juu na mchungaji wa kanisa la watu weusi, Mchungaji Sykes, wakaketi pamoja na watu wake. Binti yule wa darasa la vijana aliuliza juu ya viti hivyo.

Yapo mambo mawili ya kikanisa katika kitabu ambayo wasomaji wengi huyapita haraka. La kwanza, siku moja mfanyakazi wa nyumbani kwao Scout, Calpurnia, anawachukua watoto kwenda kusali kanisani kwake. Mchungaji Sykes anatangaza sadaka kwa ajili ya mke wa Tom, kwa kuwa tangu mumewe akamatwe hakuna anayempa kazi. Sadaka inapohesabiwa haitoshi dola kumi. Mchungaji anaagiza milango ifungwe mpaka zitimie, na watu maskini wale wanatoa tena, senti kwa senti, hadi zinatimia.

La pili ni kinyume chake. Akina mama wa umoja wa misheni wa kanisa la Wazungu wanakutana kunywa kahawa na kula keki. Wanahuzunika kwa ajili ya kabila moja la mbali liitwalo Mruna, jina la kubuni, watu wanaosemekana kuishi gizani bila Injili. Wanamsifu mmisionari aliyejitoa kwenda kuwaokoa. Dakika chache baadaye mama huyo huyo mwenye machozi analalamika juu ya mpishi wake mweusi, aliyekasirika baada ya hukumu ya Tom. Machozi yake yanavuka bahari na kushindwa kuvuka mlango wa jikoni. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikanyamaza. Nilidhani Wamruna wale ni sisi. Sikujua bado kwamba hata mama yule mwenye keki anaweza kuwa sisi.

Pamba ya huku kwetu

Nilizaliwa mwaka 1953, upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, katika nyumba ya mkulima wa pamba. Tanganyika ilipopata uhuru nilikuwa na umri wa Scout. Pamba kwetu ilikuwa ada ya shule, blanketi la mama, na sadaka ya mavuno. Iliitwa dhahabu nyeupe, lakini dhahabu hiyo ilipofika mnadani haikuwa tena ya aliyeilima.

Nchi ilikuwa imepangwa kwa rangi, na Mwanza pia. Serikali ya Waingereza ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika. Mishahara ilifuata ngazi hizo hizo, na wodi za hospitali vilevile. Wazungu walikaa kule Capri Point kwenye upepo wa ziwa, Waasia katikati ya mji kwenye maduka, nasi pembezoni. Biashara ya pamba ilikaa vivyo hivyo: mlimaji Mwafrika, mnunuzi na mwenye jinari Mwaasia, mwenye sheria Mzungu.

Baba yangu alikuwa akisimulia habari za mizani. Familia ilichuma, ikachambua pamba safi na kuitenga na fafi, ikafunga mizigo na kuibeba kichwani au kwa baiskeli mpaka kwa mnunuzi. Huko karani aliweka mzigo kwenye mizani na kutaja ratili alizotaka yeye. Wengi hawakujua kusoma namba zile, na aliyejua hakuwa na mahali pa kulalamika. Pamba safi ikaitwa fafi. "Tulikuwa tunajua tunaibiwa," baba alisema, "ila hatukujua tunaibiwa kiasi gani." Sentensi hiyo haijanitoka. Mtu anayeibiwa na hajui kiasi gani, huyo ameibiwa hata uwezo wa kudai.

Biblia ina maneno makali juu ya mizani. Katika Mithali sura ya 11 tunafundishwa kwamba mizani ya hila ni chukizo kwa Bwana. Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawakemea wafanyabiashara wanaosubiri sabato ipite upesi ili wakapunje vipimo na kuwanunua maskini. Watu wetu waliyasikia maneno hayo kanisani Jumapili, na Jumatatu wakabeba mizigo yao kwenda kupunjwa.

Hapa ndipo historia yetu inapoachana na hadithi ya Maycomb. Katika kitabu, watu weusi wanaketi juu kwenye roshani wakingoja kuona mtu mmoja mwema, Mzungu, atafanya nini chini. Wanaposimama kwa heshima Atticus anapotoka, ni kwa sababu hawana njia nyingine. Tom mwenyewe anaongea kidogo sana. Naupenda moyo wa Atticus, lakini vijana wetu wasidhani kwamba haki huja tu pale mwenye nguvu anapoamua kuwa mwema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa kando ya ziwa hili walianza kupima pamba yao wenyewe, kwa mizani waliyoiamini, kabla ya kuipeleka kwa mnunuzi. Hawakuchoma jinari wala kumpiga karani. Walitaka kwanza kujua uzito wa jasho lao, na aliyeujua hakuweza tena kudanganywa kimya kimya.

Kati ya waliowaunganisha wakulima hao alikuwako kijana Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, mtoto wa mhubiri wa Kisabato. Alikulia katika nyumba ambayo Maandiko yalisomwa asubuhi na jioni, akasoma shule ya misheni ya Ikizu, kisha akaja Mwanza kuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika. Kutoka hapo wakulima wa Jimbo la Ziwa walijenga vyama vya msingi, kijiji kwa kijiji, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Kabla miaka ya 1950 haijaisha, vyama hivyo vilikuwa vikinunua zao zima la pamba la Usukuma, tena vikamiliki jinari. Kilikuwa chama kikubwa kuliko vyote Tanganyika, na miongoni mwa vikubwa barani Afrika.

Baba alikuwa mwanachama. Alikuwa na kitabu kidogo cha uanachama alichokitunza ndani ya Biblia yake, na sisi watoto tulikatazwa kukigusa.

Geita, mwaka 1958

Ujasiri wa mizani ulikuwa wa polepole. Ulikuwako na mwingine wa siku chache tu.

TANU ilianzishwa Julai 7, 1954. Haukupita muda serikali ikakizuia chama hicho kufanya kazi Mwanza na Usukuma, na zuio hilo likadumu mpaka mwaka 1958. Wakati huo serikali ilishikilia siasa ya mseto wa rangi: mabaraza yawe na viti vya Waafrika, vya Waasia na vya Wazungu. Kwa sikio la haraka jambo hilo ni zuri, watu wa rangi zote meza moja. Lakini pima. Waafrika walikuwa mamilioni, Wazungu na Waasia kwa maelfu, na viti viligawanywa kana kwamba makundi hayo yana uzito mmoja. Ilikuwa mizani ile ile ya pamba, safari hii imewekwa kwenye baraza.

Geita ilipowekewa baraza la namna hiyo, wananchi walikataa. Katikati ya mwaka 1958 umati mkubwa ulitoka Geita ukaja Mwanza kumwona mkuu wa jimbo, wakapiga kambi mjini kwa siku kadhaa. Walikuwa wakulima, wengi wao bila silaha yoyote zaidi ya miguu yao. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi. Mbio zikaisha, lakini hoja haikuisha. Baada ya muda si mrefu serikali iliachana na mabaraza ya kulazimisha ya aina hiyo. Leo tunavuka ghuba kwa daraja la Kigongo na Busisi, kilometa tatu, kwa dakika chache tu ndani ya basi. Tukivuka tukumbuke waliokuja Mwanza upande huu kuuliza swali na kujibiwa kwa moshi.

Mwaka huo huo, Julius Nyerere, mtoto wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, alisimama kizimbani Dar es Salaam. Alishitakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa serikali katika gazeti la chama, Sauti ya TANU. Miongoni mwa waliomtetea alikuwa D. N. Pritt, wakili aliyetoka Uingereza. Alitiwa hatiani, akapewa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Wengi walitamani aende gerezani, maana jela ilikuwa heshima kwa wapigania uhuru. Faini ikalipwa, na Nyerere akarudi kwenye kazi yake. Nalitaja hilo kwa sababu vijana hupenda ujasiri wenye kelele, na mara nyingi ujasiri ni kuikosa sifa ili kazi iendelee.

Tuiangalie pia dunia ya wakati ule. Machi 1960, Laurean Rugambwa, mtoto wa ng'ambo ya ziwa letu huko Bukoba, aliteuliwa kuwa kadinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati hizi. Katika miezi hiyo hiyo, kule Alabama kitabu kilikotoka, mtu mweusi bado alikatazwa kunywa maji kwenye bomba la Wazungu. Miaka michache nyuma, mwaka 1955, waumini wa makanisa ya watu weusi mjini Montgomery walianza kutembea kwa miguu zaidi ya mwaka mzima badala ya kupanda basi la kuwadhalilisha, wakiongozwa na mchungaji kijana, Martin Luther King. Na Septemba 1963, mjini Birmingham, bomu liliwekwa kanisani Jumapili asubuhi likaua wasichana wanne waliokuja kwenye shule ya Jumapili. Waliokanyaga lami ya Montgomery na waliokuja kutoka Geita hawakujuana, ila waliomba kwa Mungu yule yule.

Mizani ilipofika mikononi mwetu

Hadithi ingekuwa rahisi kama ningeishia hapo: tulionewa, tukasimama, tukashinda. Wengi huishia hapo. Lakini historia ya kweli ina ukurasa unaofuata.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge lilijadili sheria ya uraia. Baadhi ya wabunge, wenye uchungu wa haki kabisa, walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Waasia na Wazungu waliotunyima, wasemavyo, nao wanyimwe. Nyerere alisimama akakataa kwa ukali. Alisema kwa namna yake kwamba tukifanya rangi ya ngozi kuwa kipimo cha haki ya mtu, tutakuwa tumerudia dhambi ile ile tuliyoipinga, na akawa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kukubali. Sheria ilipita bila ubaguzi huo.

Huo ndio ujasiri wa Atticus hasa. Kusimama mbele ya adui ni vigumu, lakini watu wako watakushangilia. Kusimama mbele ya watu wako mwenyewe, majirani, waliokuchagua, waliokula nawe, na kuwaambia "hapa tunakosea", hakuna atakayekushangilia siku hiyo. Atticus hakuwa na taabu na wageni. Waliomtemea mate na kuwatukana watoto wake walikuwa majirani zake, na wengine walikuwa wakisali naye.

Na mizani yenyewe? Mizani ilikuja mikononi mwetu, nasi tukaipima pamba ya wenzetu. Mwaka 1966 serikali iliunda tume maalumu kuchunguza vyama vya ushirika, na yaliyogunduliwa yalihuzunisha: viongozi wasio waaminifu, fedha zilizopotea, wakulima waliopunjwa. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vyote vya ushirika. Baba yangu alipoulizwa jambo hilo alisema kwa Kisukuma maneno machache, na tafsiri yake ni kwamba zamani aliyekuibia hukumjua jina, sasa unamjua mpaka ukoo.

Dhambi haina rangi. Tunaofundisha historia tuwaambie watoto habari za mnunuzi wa kigeni aliyepunguza ratili, ni kweli tupu. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumewafundisha chuki badala ya haki. Haki ni kuishika mizani sawasawa hata unapokuwa wewe ndiye karani.

Jirani niliyemtemea mate

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo lilinifanya nimwombe yule binti muda.

Katika kitabu cha Harper Lee kuna jirani mmoja aitwaye Boo Radley. Hatoki nje. Watoto wamesimuliwa kwamba ni jitu la kutisha, anakula kindi wabichi, anachungulia madirishani usiku. Wanacheza michezo ya kumwigiza na wanakimbia wakipita mbele ya nyumba yake. Mwishoni, baba wa yule binti, kwa kisasi, anawavamia watoto wa Atticus gizani kwa kisu, na anayewaokoa ni Boo. Scout anamshika mkono, anamsindikiza nyumbani, anasimama barazani pake na kuutazama mtaa kwa upande wake kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo mtoto anapokua. Jina la kitabu lina maana hiyo pia: ni dhambi kumwua ndege asiyemdhuru mtu, ambaye kazi yake ni kuimba tu. Tom alikuwa ndege huyo, na Boo vilevile.

Kijijini kwetu alikuwako mtu mwenye ualbino. Sisi hatukumwita hivyo. Tulimwita jina ambalo leo naona haya kuliandika. Tulifundishwa kwamba watu wa namna yake hawafi, bali hutoweka, na kwamba ukimwona uteme mate ndani ya shati lako ili usije ukazaa mtoto kama yeye. Nilikuwa na miaka saba au minane. Nilikuwa natoka shule ya Jumapili, mfukoni nina kadi yenye picha ya Yesu na watoto wa mataifa yote. Nilimwona akija na mzigo wa kuni, nikatema mate kifuani kama nilivyofundishwa. Alinitazama. Kisha akanisalimia, "Mwangaluka." Sikuitikia. Nilikimbia.

Katika kitabu, usiku mmoja kundi la wanaume linafika gerezani kumwua Tom kabla ya kesi. Scout anamtambua mmoja wao, anamsalimia kwa jina, anamwulizia habari za mwanawe. Mtu yule anaona haya, na kundi zima linaondoka. Kijijini kwetu salamu ilitoka kwa aliyekuwa akionewa, na mtoto wa kanisa hakuipokea.

Wengi wetu tunajua yaliyotokea baadaye. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, hapa hapa Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliwindwa, wakauawa na kukatwa viungo, kwa sababu waganga waliwaambia watu kwamba viungo hivyo vinaleta utajiri wa dhahabu na wa samaki. Waliouawa wengi walikuwa watoto. Septemba 2009, mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa mauaji ya mvulana mmoja, hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Watoto waliokimbizwa makwao walipokelewa katika shule kama Mitindo, Misungwi, ambayo ilikuwa shule ya wasioona. Na katika kanda hii hii, kwa miaka mingi, akina mama wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jiko walilotupikia.

Tulikuwa wapi? Wako watu wa Mungu waliowaficha watoto, waliowalea, waliohubiri waziwazi. Tumshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini wengi wetu tulinyamaza, na wapo waliotoka kwenye ibada Jumapili na kwenda kwa mganga Jumatatu. Tuliwaombea wanaoteseka katika nchi za mbali huku jirani yetu akilala juu ya mti kwa hofu. Sisi ndio tulikuwa akina mama wenye keki.

Katika Injili ya Yohana sura ya 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na kumwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake. Yesu anakataa swali lenyewe. Hakuna hukumu iliyoandikwa katika mwili wa mtu huyo. Ngozi isiyo na rangi ni jambo la kurithi tu kutoka kwa baba na mama wote wawili, haina mkosi wala utajiri ndani yake. Mtu mwenye ualbino anahitaji kofia, mafuta ya kuzuia jua, miwani, na mahali darasani panapomwezesha kuona ubao. Anahitaji pia tuitikie salamu yake. Mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge, na mwaka 2010 Salum Barwany akachaguliwa na wananchi wa Lindi. Tangu mwaka 2015 dunia inaadhimisha siku ya uelewa kuhusu ualbino kila Juni 13. Hatua zimepigwa. Ila sheria inaweza kumzuia mtu asishike panga, na mate ya mtoto kifuani yanabaki kazi yetu sisi wazazi na walimu wa shule ya Jumapili.

Tukae wapi

Mjukuu wangu, uliniuliza tungekaa wapi, chini au juu. Nimefikiri sana, na jibu langu ni hili.

Baba yangu na wenzake waliwekwa juu kwenye roshani, na hawakukubali kubaki huko wakitazama. Tuwaheshimu kwa hilo. Lakini mtu haketi mahali pamoja maisha yake yote. Jimbo lile lile lililotoa wakulima wa mizani lilitoa makarani waliowapunja, na kijiji kile kile kilichoonewa kwa rangi yake kilimwonea mtu kwa rangi yake. Asubuhi unaweza kuwa Tom, na jioni ukawa mzee wa baraza anayesema "ana hatia". Kwa hiyo usiniulize tungekaa wapi kule Alabama. Uliza tunakaa wapi Jumapili hii.

Je, mtoto mwenye ualbino akiingia kanisani kwetu, anakaa benchi gani, na nani anasogea kumpisha? Bibi mwenye macho mekundu akikosa kuonekana ibadani wiki mbili, nani anakwenda kubisha hodi? Mhazini wetu anaposoma hesabu za sadaka ya mavuno, tunauliza, au tunanyamaza kwa kuwa ni ndugu yetu? Na inapotangazwa sadaka ya familia iliyonyang'anywa haki, tuko tayari milango ifungwe mpaka itimie?

Mtu yule wa kijijini kwetu alifariki zamani, kifo cha kawaida, akazikwa kama watu wengine. Sikupata kumwomba radhi. Ile salamu aliyonipa bado ninayo, na nimeichelewesha kwa zaidi ya miaka sitini. Siku hizi, nikikutana na mtoto yeyote wa ngozi kama yake pale sokoni Kirumba au kwenye kivuko cha Kamanga, namsalimia mimi kwanza, kwa Kisukuma, naye huitikia. Ni jambo dogo, halipunguzi ratili ya dhambi yangu. Lakini ndiyo mizani niliyopewa kuishika sasa, nami namwomba Bwana mkono wangu usitikisike.